Mji Mkongwe bila kulipa kiingilio: mwongozo kamili wa siku moja, hatua kwa hatua

Sikukuu zikikaribia, simu yangu haitulii. Jamaa wa bara, jamaa wa Mombasa, mara rafiki wa rafiki aliyeko Muscat: "Tunakuja Unguja, mjini tuna siku moja tu, tutembee wapi bila kumaliza fedha?" Nawaelekeza. Jioni wananipigia tena, sauti zimechoka. Wamezunguka uchochoro mmoja mara nne. Wamefika Forodhani, ile bustani ya pwani, maji yamekupwa. Wamelipa vijana wawili kwa "kuonyeshwa njia", na picha zao zote za Beit el-Ajaib, lile jumba kubwa linaloitazama bahari, zimetoka giza.

Baada ya miaka kadhaa ya simu hizo nimeona kosa ni lile lile. Watu wanaandika orodha ya mahali pa kwenda, kisha wanaifuata kwa ramani. Mambo ya bure ya Mji Mkongwe hayaendi kwa ramani, yanakwenda kwa saa: saa ya mashua kurudi, saa ya jua kugeukia upande wa bahari, saa ya adhana, saa ya maji kujaa. Ukifika penyewe kwa saa isiyo yake unakuta ukuta na paka.

Hatua zilizopo hapa zimepangwa kwa saa, na saa zote ni za Kiswahili. Usizibadilishe mpangilio bila sababu.

## Vya kuandaa kabla hujatoka

Tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Ndiyo, hii ndiyo ya kwanza. Sababu iko hatua ya 1.

Viatu vilivyokwisha kukuzoea. Vichochoro ni vya saruji na mawe, vingine vina utelezi wa maji ya kufulia. Kandambili zitakukatikia kabla ya adhuhuri.

Nguo za heshima. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke kwa mwanamume. Wanawake wabebe mtandio au kanga moja ya ziada. Mtu aliyevaa kwa staha anakaribishwa barazani, na barazani ndipo nusu ya siku hii ilipo.

Chupa ya maji ya kujaza. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku.

Sarafu na noti za elfu moja. Matembezi ni bure, kahawa si bure. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa kikombe cha kahawa, muuzaji atakosa chenji na wewe utakosa heshima.

Simu yenye ramani uliyoipakua mapema. Ni msaada wa akiba tu. Katikati ya kuta ndefu alama yako kwenye ramani inarukaruka kama kuku, mara uko Kiponda, mara uko baharini.

Kitambulisho, kama unavuka kwa boti.

## Kwanza, neno kuhusu papasi

Kila atakayekueleza Mji Mkongwe atakutajia papasi: vijana wanaowaganda wageni kwa jina la kuwasaidia. Jina hilo wamepewa na wenyeji, na anayemjua papasi, yule mdudu wa jamii ya kupe, anaelewa kwa nini.

Binamu yangu, mtu mzima mwenye akili zake, alisimamishwa karibu na bustani ya Forodhani na kijana mwenye daftari. Akaambiwa kuna "tiketi ya kuingia bustanini". Akalipia watu wanne. Nilipofika, bado ameshika vile vipande vya karatasi mkononi, na watoto wa mtaani wanaingia na kutoka mbele yake wakifukuzana. Aliviangalia vile vikaratasi, akawaangalia watoto, hakusema kitu.

Kanuni ni mbili. Kwanza, bustani, barabara, soko na ufukwe hazina tiketi. Anayekuuzia, muombe risiti ya serikali na kitambulisho chake cha kazi, na useme kwa upole: "Nashukuru kaka, mimi mwenyeji wa hapa." Hata kama si kweli, Kiswahili chako kinatosha. Pili, usimuulize njia mtu aliyekufuata, muulize mtu aliyeketi. Mzee wa barazani na mama muuza maandazi hawana haja ya fedha yako.

Kuna waongozaji wenye leseni, na kazi yao ni halali na nzuri. Ukitaka masimulizi marefu, mlipe mmoja wao bei mliyopatana kabla. Mwongozo huu ni wa asiyetaka.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Tukio zuri kuliko yote ya bure mjini ni makachu: vijana wanaoruka na kupiga mbizi kutoka ukingo wa Forodhani jua likizama. Maji yakiwa yamekupwa hawaruki, maana chini ni mawe na mchanga.

Unguja maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, yaani mwanzo wa bamvua, maji ya mchana hujaa kama saa 10 alasiri. Siku mbili tatu baadaye yanajaa kati ya saa 11 na saa 12 jioni, wakati ule ule unaoutaka. Kwa hesabu ya haraka: tarehe 2 hadi 4, au 16 hadi 18, za mwezi wa Kiislamu.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kinyume chake: jua linazama maji yakiwa bado mbali. Kama tarehe zako zimeangukia hapo na huwezi kuzisogeza, usife moyo, ila punguza matarajio ya hatua ya 8.

Epuka pia adhuhuri ya Ijumaa kama siku yako pekee. Maduka hufungwa, watu wako msikitini, na mji unanyamaza kwa muda wa kama saa mbili. Wengine wanaupenda ukimya huo. Wenye watoto hawaupendi.

Umefaulu ukiwa na tarehe na saa ya maji kujaa jioni hiyo, umeiandika mahali. Ukiwa na mashaka, muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kuangalia simu.

## Hatua ya 2: Saa 12 na nusu asubuhi, diko la Malindi

Anzia kaskazini ya mji, jirani na bandari, mashua na ngalawa zinapoleta samaki. Ukichelewa hadi saa 3 utakuta watu wanaosha sakafu.

Samaki wanamwagwa chini, mafungu kwa mafungu: changu, kolekole, nguru, pono, ngisi, pweza. Mdogo anafungwa mtungo, mkubwa anauzwa peke yake. Dalali anasimama juu ya fungu, anataja bei, na bei inapanda bila mtu kuonekana kusema. Hapo ndipo wageni wengi wanachoka na kuondoka, kwa sababu wanamtazama dalali. Usimtazame dalali. Watazame wanunuzi: mmoja anainua nyusi, mwingine anagusa samaki kwa ncha ya kiatu, wa tatu anageuka kama anayeondoka na ndiye anayeshinda. Ukikaa kwa mafungu matatu utaanza kubashiri nani atachukua.

Maonyo. Simama pembeni, njia ni ya mabeseni na mikokoteni. Usiguseguse fungu linalonadiwa, na usitikise kichwa ovyo. Picha omba kwanza, na geti la bandari pamoja na askari wake usivipige picha kabisa.

Umefaulu ukiwa umebashiri sawasawa mnunuzi mmoja, na miguu yako inanuka samaki.

## Hatua ya 3: Saa 2 asubuhi, soko la Darajani

Fuata barabara kubwa ya Benjamin Mkapa kuelekea kusini. Wazee bado wanaiita Creek Road, kwa sababu hapo zamani palipita mkono wa bahari na pakawa na daraja, ndilo lililoacha jina la Darajani. Ni mwendo wa dakika kama kumi.

Nenda asubuhi kwa sababu ya jua na kwa sababu matunda bado hayajasinyaa. Ukija msimu wake, utaona shokishoki jekundu lenye nywele, doriani ambalo pua italiona kabla ya jicho, shelisheli. Kwenye viungo, simama na unuse: karafuu, hiliki, mdalasini, kungumanga. Kunusa ni bure na muuzaji mwenyewe atakufungulia mfuko.

Onyo moja tu: vile vikasha vilivyofungwa vizuri kwa ajili ya watalii ni ghali na viungo vyake mara nyingi vimelala. Ukiamua kununua, nunua penye akina mama wa mtaani wanaponunua, kwa kupimiwa. Mkoba uweke mbele.

Hapa sina la kuongeza. Soko ni soko, dakika arobaini zinatosha.

## Hatua ya 4: Saa 3 hadi saa 6, milango

Hapa ndipo patumie muda. Ingia ndani ya mji kupitia Mkunazini, elekea Kiponda na Hurumzi, kisha shuka taratibu kuelekea Soko Muhogo. Usifuate mstari. Kazi yako ni moja: kutafuta milango ya nakshi na kuisoma.

Wengi wanafeli hapa kwa kupiga picha sitini za milango bila kuutazama hata mmoja. Chagua mitano tu. Mbele ya kila mmoja simama dakika tano, usome kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu ndivyo nakshi zenyewe zinavyopanda.

Chini ya miimo, yaani nguzo za pembeni za fremu. Mara nyingi utaona samaki, magamba yake, au mistari ya mawimbi. Kutoka hapo mmea unaota na kupanda.

Ukingoni mwa fremu. Tafuta mnyororo uliochongwa ukizunguka nje yote. Ndani yake majani, tende, maua.

Katikati. Pale mabawa mawili ya mlango yanapokutana pana nguzo nyembamba iliyochongwa. Inaitwa mfaa. Imepigiliwa kwenye bawa moja na inaziba mwanya wa lile la pili. Iguse ukiruhusiwa: mara nyingi imelainika kwa mikono kwenye usawa wa kifua.

Juu. Hapa ndipo utajua aina. Ubao wa juu ulionyooka, wenye maandishi ya Kiarabu, ni mtindo wa Kiarabu. Ulioinuka kama upinde, na mabawa yenye misumari mikubwa ya shaba au yaliyogawanywa vipande vidogo vya mraba, umetokana na Wahindi. Usishangae kukuta mlango wenye vyote viwili, mafundi walikuwa wakitazamana.

Kama juu pana mwaka, usome. Tahadhari na tarakimu za Kiarabu: ile inayofanana na sifuri ni tano, na sifuri yenyewe ni nukta. Mwaka ni wa Hijria, kwa hiyo zidisha kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Mlango wa 1300, kwa mfano, unakupa 1883, mwaka ambao Beit el-Ajaib ilijengwa. Hesabu hii watoto wanaipenda kuliko mlango wenyewe.

Kuhusu maana ya nakshi, utasikia mengi. Mnyororo ni usalama wa nyumba, au ni alama ya utumwa, inategemea nani anasimulia na umempa kiasi gani. Misumari ya shaba eti ni ya kuzuia tembo. Huko India yawezekana ilikuwa na kazi hiyo. Shangani hapakuwa na tembo wa kuvunja mlango. Mimi naamini ilikuwa ni kujionyesha, na sioni ubaya wowote kwa hilo: mlango ulichongwa ili mpita njia asimame, na wewe umesimama.

Maonyo. Milango hii ni ya nyumba za watu. Ukiukuta wazi, usichungulie ndani. Ukitaka kupiga picha na mwenyewe yupo, piga hodi, salimia kwanza. "Shikamoo" kwa mzee, "Asalaam aleikum" popote. Hapa salamu haikatwi katikati: utaulizwa hali, utajibu njema, utauliza na wewe, ndipo useme haja. Mgeni anayeanza na "samahani, naomba kupiga picha" bila salamu anaruhusiwa, lakini hakaribishwi.

Ukipotea, na utapotea, kumbuka hivi: mji umezungukwa na bahari upande mmoja na ile barabara ya Benjamin Mkapa upande wa mashariki. Shika uelekeo mmoja bila kugeuka nyuma, na ndani ya robo saa au ishirini utatokea kwenye kimojawapo. Sijaona mtu aliyepotea zaidi ya hapo.

Umefaulu ukiwa unaweza kumwambia mwenzako, bila kusoma popote, "huu wa Kihindi, ule wa Kiarabu," na umekosea mara moja tu.

## Hatua ya 5: Saa 6 hadi saa 8 mchana, kaa chini

Hii ni hatua, si mapumziko ya hiari. Jua la adhuhuri linafika mpaka ndani ya vichochoro, picha zinakuwa na weupe na weusi tu, na wenyeji wamejificha. Anayeendelea kutembea saa hizi ndiye anayenipigia jioni akilalamika.

Nenda Jaws Corner, njia panda ya Soko Muhogo. Utaijua kwa papa aliyechorwa ukutani na bendera za siasa. Kaa kwenye baraza, yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na nyumba. Muuza kahawa ana dele lake juu ya makaa, anamimina kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Kahawa ni chungu na haina sukari, utamu unatoka kwenye kashata unayoitafuna pembeni. Kikombe kinagharimu sarafu tu, na ndiyo "kiingilio" pekee ninachokushauri ulipe mpaka sasa.

Watu watakuwa wanacheza bao au dhumna, na wanabishana siasa na mpira. Sikiliza. Ukiulizwa unatoka wapi, jibu. Ukiulizwa chama chako, sifia kahawa.

Kwenye dhumna usikae nyuma ya mchezaji ukatazama mawe yake kisha ukatabasamu. Nilifanya hivyo siku moja, tabasamu langu likamuuza mzee wa watu, na nusu ya baraza ikanichukia mpaka adhana ya alasiri.

Umefaulu ukiwa umekaa saa nzima bila kutoa simu mfukoni.

## Hatua ya 6: Saa 8 hadi saa 11, upande wa bahari

Sasa jua limehamia magharibi, na majumba ya pwani yanayoitazama bahari yamepata mwanga usoni. Asubuhi yalikuwa kivulini, ndiyo sababu ya zile picha za giza.

Anza na Minara Miwili, yaani kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu pale Baghani. Ni jambo la ajabu: kila mtu anaiona minara akiwa ndani ya boti, na kila mtu anaikosa akiwa chini yake, kwa sababu vichochoro ni vyembamba. Ukikuta mlango wazi, ingia kimya, vua kofia. Kukiwa na misa, kaa usali au toka, usizunguke na kamera.

Teremka Shangani. Pita Barabara ya Kenyatta, kwenye nyumba inayohusishwa na mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Ndani ni makumbusho ya kulipia, nje ni picha ya dakika moja. Karibu na hoteli ya Africa House ulizia nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu. Ina mlango mkubwa wa nakshi ambao sasa, baada ya hatua ya 4, unaweza kuusoma mwenyewe. Tazama kutoka njiani.

Kisha fuata barabara ya Mizingani kando ya bahari hadi kwenye Zahanati ya Kale, jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama kitambaa cha lesi. Lilijengwa kwa fedha za tajiri Tharia Topan, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887. Simama ng'ambo ya barabara, kwa sababu ukisogea karibu roshani zinapotea juu yako. Njiani utapita mti mkubwa, Mtini, ambao kivuli chake kimekuwa ofisi ya mabaharia na mafundi wa mashua tangu zamani. Hapo ndipo utaitwa kwa safari za visiwani. Kataa mara moja, kwa tabasamu, bila kusimama.

Geuka, rudi njia ile ile. Kurudi si kupoteza muda, maana majengo uliyoyapa mgongo sasa yako mbele. Beit el-Ajaib itazame kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Usimsikilize anayesema anaweza "kukuingiza kwa nyuma". Jengo lililokwisha kuanguka mara moja si la kuingia kwa nyuma.

Na kanisa la Anglikana la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa? Lina kiingilio, na sikulitia kwenye njia hii. Lakini nitasema ninavyoona: kama una fedha ya kiingilio kimoja tu mji mzima, ilipe pale. Nenda asubuhi, kabla ya milango, kwani liko jirani na Darajani.

## Hatua ya 7: Saa 11 jioni, Ngome Kongwe

Siku za kawaida uani mwa ngome huingii kwa tiketi. Wakati wa matamasha jukwaa la ndani huwa la kulipia, kwa hiyo ukikuta geti limewekewa watu wa tiketi halali, si papasi, usigombane nao.

Ngome ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kinachokuhusu leo ni kuta. Zipapase: ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, na ukitazama karibu utaona bado yana maumbo ya matumbawe, vijitundu na vinyota. Ni mji ule ule uliotembea ndani yake tangu asubuhi, ila hapa haukupakwa rangi.

Dakika ishirini. Maduka ya ndani ni kama ya nje. Toka, vuka njia, uko Forodhani.

## Hatua ya 8: Saa 11 na nusu, makachu

Kaa ukingoni mapema, upande ambao vijana wameanza kukusanyika na kuvua mashati. Ukisubiri mpaka watu wajae utaona visogo.

Kwanza wanaruka wadogo, miguu mbele. Kisha wakubwa: mmoja anarudi nyuma hatua kumi, watu wanampisha, anakimbia peku juu ya saruji iliyolowa, na akifika ukingoni anapinduka hewani mara moja, mara mbili, mikono inafunguka dakika ya mwisho. Jua liko nyuma yake, kwa hiyo unachoona ni kivuli cha mtu na matone. Halafu sauti ya maji, kelele za pwani nzima, na kichwa kinaibuka kikicheka. Anapanda ngazi, anapanga mstari tena.

Maonyo hapa ni ya kweli. Usiruke. Vijana hawa wanajua kila jiwe lililo chini na wanajua maji yamefika wapi, wewe hujui. Watoto washike mkono, ukingo hauna uzio na unateleza. Ukipiga picha za karibu za mmoja wao, mpe chochote au mnunulie juisi ya miwa. Hakuna anayekulazimisha, ila amekufanyia kazi.

Umefaulu ukiwa umelowa matone na hukumbuki uliangalia saa lini mara ya mwisho.

## Hatua ya 9: Usiku Forodhani bila kujuta

Baada ya magharibi meza zinawashwa taa, moshi wa mishikaki unapanda. Kuingia, kukaa na kutazama ni bure mpaka usiku. Kula si bure, na hapa ndipo waliobana fedha mchana kutwa wanapozimwaga kwa nusu saa.

Kwanza zunguka meza zote bila kununua. Pili, uliza bei ya kila kitu kabla hakijaenda motoni, hasa pweza, kamba na samaki wa vijiti. Bei "ya pamoja" usiikubali, hesabu kijiti kimoja kimoja. Tatu, ukiona samaki amekauka na meza ina taa kali kuliko zote, ujue taa inafanya kazi ya kuficha. Mimi hula urojo: bakuli moja lina bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo na ule mchuzi wa ukwaju, na ni nafuu. Watu wanaokula urojo wanakaa pamoja, utapata mazungumzo.

## Mambo yakienda kombo

Mvua. Masika, kati ya Machi na Mei, vichochoro hugeuka mito midogo. Panda barazani utembee juu ya mabenchi kutoka nyumba hadi nyumba, kama wenyeji wanavyofanya. Mwavuli mkubwa utakwama kwenye kuta.

Ramadhani. Usile wala kunywa hadharani mchana, hata kama hufungi. Hatua ya 5 itakosa kahawa na watu. Geuza ratiba: lala mchana, anza hatua ya 6 alasiri, na baada ya futari mji mzima uko nje.

Mzee au mtoto mdogo. Ruka hatua ya 2, fupisha milango iwe mitatu, na hatua ya 6 ishie Forodhani bila kwenda hadi Zahanati.

Boti ya jioni. Kama unarudi Dar es Salaam siku hiyo hiyo, huwezi kuona makachu, na hakuna namna ya kulikwepa hilo. Tafuta pa kulala. Nyumba za wageni za Malindi na Kiponda huwa nafuu kuliko za Shangani, na asubuhi utakuwa hatua chache tu kutoka kwa dalali.